Simu Huria Huanzia Mezani kwa Muuza Chipu

Ndugu na majirani huniletea simu ambazo kampuni zilizozitengeneza zimekwisha kuzisahau, nami huziwekea LineageOS, mfumo wa Android unaoandikwa na watu wa kujitolea. Simu iliyokuwa ikikataa programu mpya inarudi kazini, kioo kilekile, betri ileile. Halafu swali linakuja, karibu kila mara: kama kuna watu wanaoandika vitu hivi bila kulipwa, na vinafanya kazi vizuri namna hii, mbona hatuuziwi simu ya aina hiyo tangu dukani? Simu ambayo kila kilichomo kiko wazi: msimbo wake, michoro yake, na ruhusa ya kuibadilisha?

Watu wamejaribu. Wamejaribu kwa fedha nyingi, kwa akili kubwa na kwa moyo safi, na baadhi yao waliishia kufunga milango. Nimezifuatilia juhudi hizo kwa miaka mingi, na zimenifikisha kwenye imani moja. Katika simu, anayeandika programu ana sauti ndogo sana juu ya uhuru wa kifaa. Mambo huamuliwa mezani kwa muuza chipu, na lugha inayozungumzwa pale ni idadi. Anayeagiza milioni kumi husikilizwa. Anayeagiza elfu kumi hupewa kilichobaki, pamoja na masharti yake. Kwa hiyo nikisikia kampuni inatangaza simu huria, ninachotaka kujua ni uhuru huo unakomea kwenye chipu ipi, na kama mnunuzi alielezwa hivyo kabla hajatoa hela yake.

Naanza na Openmoko, kwa sababu ndiyo iliyojaribu kwenda mbali kuliko wote na ndiyo inayosimuliwa vibaya kuliko zote.

Mwishoni mwa 2006, FIC, kampuni ya Taiwan iliyozoea kutengeneza kompyuta, ilitangaza mradi wa Openmoko, wa simu ambayo mwenye nayo angekuwa mmiliki kwelikweli. Aliyeongoza aliitwa Sean Moss-Pultz. Simu ya kwanza ikapewa jina Neo 1973, kwa kumbukumbu ya mwaka ambao Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza ya mkononi akiwa mtaani New York. Ilianza kuuzwa kwa waandishi wa programu Julai 2007, kwa dola 300, na kwa dola 450 ukapata seti yenye vifaa vya kuifungua na kuichunguza bodi yake. iPhone ilikuwa imeingia madukani Marekani siku chache tu kabla.

Mwaka uliofuata ukaja Neo FreeRunner, dola 399, ikiwa na WiFi na kichakataji chenye kasi zaidi. Na hapo kampuni ikafanya jambo ambalo hata leo watengenezaji wakubwa hawathubutu: ikachapisha michoro ya umbo la kasha lake kwa leseni ya Creative Commons, kisha michoro ya saketi. Fundi yeyote, popote duniani, angeweza kuona kila kapasita imekaa wapi na kila waya unaelekea wapi. Mmoja wa wasanifu wa mfumo alikuwa Harald Welte, Mjerumani aliyeanzisha gpl-violations.org na kuzifikisha mahakamani kampuni zilizotumia msimbo wa Linux, mfumo huria wa kompyuta, bila kuheshimu leseni yake. Ukiwa na mtu kama huyo ndani ya nyumba, maneno kuhusu uhuru huwezi kuyafanya pambo la matangazo.

Sasa tazama walivyokutana na meza ninayoisema. Chipu ya GPS katika Neo 1973 ilitoka Global Locate, na programu ya kuiendesha ililetwa ikiwa imefungwa: unaitumia, lakini huioni. Katika FreeRunner wakaiacha, wakachukua chipu ya u-blox ambayo hutoa maelezo ya mahali kwa muundo wa kawaida unaosomwa na programu yoyote. Huo ulikuwa ushindi safi. Lakini simu hiyohiyo ikawekewa chipu ya michoro ya SMedia iitwayo Glamo, ambayo nyaraka zake zilitolewa kwa mkataba wa siri tu. Ubaya zaidi, njia kati ya chipu hiyo na kichakataji kikuu ilikuwa nyembamba mno, kiasi kwamba kioo kizuri cha nukta 480 kwa 640 kilijazwa picha kwa kusuasua. Waandishi wa programu wa kujitolea, watu ambao wangeweza kuutafutia dawa udhaifu huo, walikuwa nje ya mlango. Na modemu, yaani sehemu inayozungumza na mtandao wa simu, ilikuwa Calypso ya Texas Instruments, ya intaneti ya polepole ya GPRS, bila 3G, katika simu iliyouzwa 2008.

Kisha zikaja hitilafu. Mtu akipigiwa na mwenye FreeRunner alisikia mvumo kama wa nyuki katikati ya mazungumzo. Kulikuwa pia na kasoro ya modemu iliyoifanya ipoteze mtandao na kuutafuta upya tena na tena ilipoingia kwenye usingizi mzito, hivyo ikawalazimu watu kuuzima usingizi huo na betri ikawa inakwisha haraka. Tiba ya mvumo ilipatikana, nayo ilihitaji mkono wa kulehemu: kuongeza kapasita kwenye bodi. Ulaya wamiliki wakawa wanakusanyika, wanaleta simu zao na mashine za kulehemu, wanatengenezeana. Napenda sana kisa hicho. Kasoro iliyotoka kiwandani ilieleweka, ikajadiliwa hadharani, ikarekebishwa na wenye simu kwa sababu mchoro ulikuwepo. Lakini naelewa pia kwamba mama anayetaka kumpigia mwanawe aliye masomoni hana nafasi ya kulehemu kwanza.

Upande wa programu hali ilikuwa ngumu vilevile. Mfumo ulianzwa kwa zana moja, ukahamishiwa kwenye nyingine, kisha kazi ikaanzwa upya kwa mara ya tatu, na kila mara msimbo uliokwisha kukomaa uliachwa nyuma. Wakati huohuo, Oktoba 2008, simu ya kwanza ya Android ilitoka mikononi mwa HTC na T-Mobile, nyuma yake ikiwa fedha za Google. Masika ya 2009 Openmoko ikapunguza wafanyakazi na kuisimamisha simu yake iliyofuata. Kilichotoka baadaye mwaka huo kilikuwa WikiReader, kifaa kidogo cha dola 99 kinachosoma Wikipedia bila intaneti, kwa betri mbili ndogo za kawaida.

Nimesoma mara nyingi kwamba Openmoko iliuawa na itikadi. Siamini. Sioni hata kosa moja kati ya yale makubwa lililosababishwa na uwazi. Chipu dhaifu ya michoro, modemu ya kizazi kilichopita, kubadilisha zana kila mwaka: hayo ni mambo ya kampuni ndogo isiyo na nguvu ya kununua, iliyokosa pia uamuzi thabiti kuhusu programu. Uwazi ndio uliorefusha maisha ya kazi yao. Kwa kuwa umbo la kasha lilikuwa wazi, kikundi cha Ujerumani kiitwacho Golden Delicious kiliweza baadaye kutengeneza bodi mpya, GTA04, inayoingia ndani ya kasha lilelile la FreeRunner. Na ujuzi uliojengeka kuhusu Calypso haukuzikwa: mwaka 2010 Welte na wenzake walianzisha OsmocomBB, programu huria inayoendesha upande wa simu wa mtandao wa GSM, juu ya chipu hiyohiyo ya Calypso iliyokuwemo pia ndani ya visimu vya bei rahisi vya Motorola. Watafiti wa usalama wakaweza kuchunguza GSM kwa simu ambayo programu yake ya kuzungumza na mtandao iko wazi.

Hapa inafaa nieleze kinachotokea kwenye meza yenyewe, maana wengi hudhani kampuni za simu huficha msimbo kwa ubahili tu.

Ukitaka kutengeneza simu, unanunua chipu moja yenye kichakataji, kichakata michoro na mara nyingi modemu, vyote pamoja. Wauzaji wanaohesabika ni wachache: Qualcomm, MediaTek, Unisoc. Pamoja na chipu unapewa furushi la programu lililoandaliwa kwa toleo fulani la Android na toleo fulani la kiini cha Linux. Sehemu yake ni msimbo unaoonekana, sehemu ni faili zilizofungwa: za kamera, za michoro, za modemu. Nyaraka unapewa ukisaini usiri. Android ikisonga mbele, anayeweza kukuandalia furushi jipya ni muuza chipu, na yeye ana kila sababu ya kutokufanya hivyo, kwa kuwa tayari anauza chipu mpya. Ni kama duka la jumla lisilofungua gunia kwa ajili ya kilo moja: mwenye duka hakuchukii, ila hesabu zake hazina safu ya mtu kama wewe.

Modemu ni ukuta mrefu zaidi. Ni kompyuta kamili ndani ya simu, ina kichakataji chake na programu yake, na imezungushiwa hataza, yaani haki za uvumbuzi, za kampuni kadhaa pamoja na vibali vya mamlaka za mawasiliano. Muuzaji akikufungulia msimbo wake, anahofia hataza, anahofia washindani, anahofia kibali chake. Ndiyo maana hata simu zinazojiita huria kabisa zina modemu iliyofungwa. Tofauti iliyopo kati yao ni jinsi wanavyoitenga na sehemu nyingine za simu, na kama wanalisema jambo hilo waziwazi.

Purism ya Marekani ilichagua kuitenga. Mwaka 2017 ilikusanya zaidi ya dola milioni 2 kwa watu walioagiza Librem 5 kabla haijatengenezwa, wakati lengo lilikuwa milioni 1.5. Modemu iliwekwa kwenye kadi yake inayochomolewa, na swichi za kukata umeme wa modemu, WiFi, kipaza sauti na kamera. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini walitaka pia cheti cha Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, ambalo huihesabu programu iliyofungwa ndani ya chipu ya pembeni, isiyokusudiwa kubadilishwa, kama sehemu ya saketi. Kichakataji chao, i.MX 8M cha NXP, kilihitaji faili lililofungwa la kuiandaa RAM kila simu inapowaka. Mpango wao ukawa kulihifadhi faili hilo kwenye kumbukumbu ya pembeni na kulipakia kwa kichakataji kidogo cha pili, ili kile kikuu kisiliguse. Nimelitafakari sana jambo hilo. Masharti ya cheti yanatimizwa, na mtumiaji hapati uhuru wowote zaidi: faili ni lilelile, limefungwa vilevile, na sasa ni gumu zaidi kulifikia. Nguvu za wahandisi zilipelekwa huko huku wateja wakisubiri. Simu iliyoahidiwa Januari 2019 ilianza kutoka kwa wingi mwishoni mwa 2020, wengi wakaendelea kusubiri hata baada ya hapo, na bei iliyokuwa dola 599 wakati wa kuagiza ikaja kuvuka dola 1,000.

Pine64 ilipita njia nyingine kabisa. PinePhone, kuanzia 2020, iliuzwa kwa takriban dola 150. Kichakataji chake, Allwinner A64, kilikuwa cha zamani na cha polepole, lakini kilichaguliwa kwa sababu ya maana: watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kukichambua na kukiandikia msimbo ndani ya Linux yenyewe, hivyo hakuna aliyehitaji kumwomba muuza chipu chochote. Kampuni haikuandika mfumo wa simu. Ilitengeneza kifaa, ikawaachia jumuiya kama postmarketOS na UBports programu, na kwa matoleo ya jumuiya ikawapa dola 10 kwa kila simu iliyouzwa. Na iliwaambia wanunuzi mapema: hii ni simu ya wapenzi wa Linux, msitegemee itawatosheleza kwa kila kitu. Kwa kipimo changu, huo ni uungwana wa kibiashara. Simu dhaifu iliyoelezwa kwa ukweli ina heshima kuliko simu nzuri iliyoahidiwa na isifike.

Lakini kampuni iliyonifundisha zaidi ni Fairphone ya Amsterdam, nayo haikuanza na programu hata kidogo. Ilianza 2010 kama kampeni kuhusu madini ya Kongo, na Bas van Abel akaifanya kampuni mwaka 2013. Wakati huo sheria ya Marekani ya 2010, iitwayo Dodd-Frank, ilikuwa imezilazimisha kampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo na majirani zake, na kampuni nyingi zikaona rahisi kulikimbia eneo zima. Wachimbaji wa Kivu na Katanga, watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, wakabaki na mawe yasiyo na mnunuzi halali. Fairphone ilichagua kubaki: bati la risasi ya kulehemu kutoka Kivu Kusini, tantalumu ya kapasita kutoka Katanga, kupitia miradi iliyofuatilia kila gunia. Kisha ikachapisha mchanganuo wa bei ya simu yake ya kwanza, euro 325, senti kwa senti, zinakwenda wapi. Huo nao ni uwazi, na ni wa aina ambayo watu wa programu huria tumeuzungumzia kidogo mno.

Kwenye programu, hata hivyo, simu ya kwanza iligonga mwamba. Kwa kuwa walikuwa wadogo, walinunua leseni ya simu iliyokwisha kubuniwa na kiwanda cha China, yenye chipu ya MediaTek, na udhibiti wao juu ya msimbo ukawa mdogo. Waliuza 60,000. Android ikasonga, wao wakajaribu kuipandisha simu toleo, wakashindwa. Julai 2017 walitangaza kuacha kuitunza, spea nazo zikiwa zimekwisha. Kampuni iliyoanzishwa ili simu zidumu ilishindwa kuidumisha simu yake ya kwanza, na kilichoishinda ni furushi la muuza chipu.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachokipenda. Fairphone 2, ya mwisho wa 2015, waliibuni wenyewe tangu mwanzo: kioo kinatoka bila bisibisi, kamera na kipaza sauti ni moduli za kufungua kwa skrubu. Iliwekwa chipu ya Qualcomm, Snapdragon 801, na ikatoka na Android 5. Kufika Android 7, Qualcomm ikaacha kuihudumia chipu hiyo. Kwa kampuni nyingine hapo ndipo hadithi inapofungwa. Fairphone ikaifanya kazi hiyo yenyewe: Android 7, halafu 9, halafu 10. Na walipofika 9 walijenga juu ya msimbo wa LineageOS, ambayo watu wa kujitolea walikuwa wameihamishia kwenye simu hiyo. Simu ikatunzwa hadi Machi 2023, zaidi ya miaka saba.

Tulia hapo kidogo, ndugu msomaji. Kampuni yenye ofisi, wanahisa na mishahara ilikwamishwa na muuzaji wake mkubwa, na waliosaidia kuikwamua ni watu wanaoandika msimbo usiku nyumbani kwao. Walioweza kusaidia, waliweza kwa sababu Fairphone ilikuwa imewaachia njia: ilitoa msimbo wa kiini, iliruhusu kufunguliwa kwa kufuli la kuwashia simu, lile linalozuia kuweka mfumo mwingine, ilitoa hata toleo lake la Android lisilo na programu za Google. Uwazi waliouweka kama kanuni ukaja kuwalipa kama biashara. Sijui mfano bora kuliko huo wa pande mbili hizi kukutana.

Hawakufika huko bila kuachia mambo. Walihitaji kibali cha Google, pamoja na msururu mrefu wa majaribio yake, kwa sababu simu isiyo na duka la Google haiuziki Ulaya kwa wingi wa kutosha. Mwaka 2021, kwenye Fairphone 4, waliondoa tundu la spika za masikioni huku wakizindua spika zao zisizo na waya, zenye betri ndogo ndani. Hilo lilinikera, na bado linanikera. Kampuni inayohubiri vitu vidumu haikupaswa kuwasukuma wateja huko. Lakini 2023, kwenye Fairphone 5, walifanya ujanja wa kununua ambao Openmoko wangeutamani. Badala ya chipu ya kawaida ya simu walichukua QCM6490, ambayo Qualcomm huiuza kwa mashine za viwandani na kwa hiyo hujifunga kuihudumia kwa miaka mingi. Kwa uamuzi huo mmoja wakaweza kuahidi masasisho hadi 2031. Chipu bado ni ya Qualcomm, modemu bado imefungwa. Walichokipata ni muda, na kwangu muda ndicho kipimo cha kwanza cha uhuru wa simu: mwenyewe na fundi wake wataweza kuitunza kwa miaka mingapi.

Huku kwetu Tanzania hakuna duka la Fairphone. Kuna jambo moja tu la asili hiyo lililotufikia kwa wingi, nalo linanipa uchungu. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilianzisha Firefox OS, mfumo huria wa simu za bei nafuu, simu zikatoka 2013, na mwisho wa 2015 ikatangaza kuacha. Msimbo, kwa kuwa ulikuwa huria, ukachukuliwa na kampuni ya KaiOS, ukawekwa kwenye simu ndogo za vitufe. Google iliingiza humo dola milioni 22 mwaka 2018, na Vodacom Tanzania ikatuletea Smart Kitochi, mojawapo ya simu hizo. Mamilioni ya watu duniani wamepata intaneti kwa njia hiyo, na sitalidharau hilo. Lakini kilichotufikia kilikuwa kimefungwa upya: nyingi ya simu hizo huwezi kuziwekea programu yako bila ruhusa ya wenye mfumo, sembuse kubadilisha mfumo wenyewe. WhatsApp ilipoanza kuondoka KaiOS mwaka 2024, wenye simu hawakuwa na la kufanya. Leseni iliruhusu kufunga, na waliokuwa na fedha wakafunga.

Simu janja nyingi zinazouzwa hapa ni Tecno, Itel, Infinix na Samsung. Zote za Android, zote zimesimama juu ya kiini cha Linux, ambacho leseni yake, GPL, inamtaka anayeuza simu kutoa msimbo wa kiini alichokitumia. Watengenezaji wengi duniani hutoa kwa kuchelewa, au hutoa kipande, au hawatoi. Nikikaa kwa mafundi Kariakoo naona matokeo yake. Fundi anafungua mchoro wa saketi kwenye kompyuta, mchoro uliovuja kutoka kiwandani bila ruhusa ya mtu, kwa kuwa wa halali hauuzwi kwake. Akitaka kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, ananunua boksi na akaunti za mitaani. Kazi ya ustadi mkubwa, inayowapa riziki maelfu ya vijana, inafanywa kwa nyaraka za wizi, wakati FreeRunner ilikuwa na michoro yake hadharani tangu 2008 na dunia haikuharibika. Halafu ukishafanikiwa kuifufua simu kwa LineageOS, programu ya benki inaweza kukukatalia kwa madai kwamba simu imechezewa. Nawaambia ninaowahudumia wabaki na menyu ya *150*00# kwa M-Pesa, maana hiyo haijali simu ina mfumo gani.

Hapo ndipo naona njia, na inapita kwenye sheria kuliko kwenye ukarimu wa kampuni. Tangu 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawalazimisha wauza simu kuweka spea kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa, kuwapa mafundi maelezo ya ukarabati, na kutoa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano. Sharti hilo linabadilisha mazungumzo ya ile meza: sasa hata mnunuzi mkubwa anamwambia muuza chipu kwamba bila huduma ya miaka mingi hawezi kununua. Kilichokuwa ombi la Fairphone peke yake kimekuwa hitaji la soko zima.

Sisi nasi tuna meza yetu. Simu haiingii sokoni Tanzania kihalali bila kupitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na Juni 2016 mamlaka hiyo ilizima simu bandia nchi nzima kwa usiku mmoja. Chombo chenye nguvu ya kuzima simu kinaweza pia kudai, kabla ya kuipitisha, michoro ya saketi kwa mafundi waliosajiliwa, msimbo wa kiini unaodaiwa tayari na GPL, na njia ya kufungua kufuli la kuwashia pale kampuni inapotangaza kuacha kuitunza simu. Hakuna kati ya hayo matatu linalohitaji chipu mpya wala modemu huria. Kenya ikidai vilevile kupitia mamlaka yake, na Uganda na Rwanda zikafuata, hiyo ni idadi ambayo muuza chipu anaisikia.